Matobolwa ya Mwanza: utamu wa mkulima, uharibifu wa muuzaji

Bado nimekasirika, na nitaandika hivyo hivyo.

Mimi ni Mkenya wa Kisumu, nafanya kazi Mwanza. Ziwa ni lile lile, sangara ni wale wale, ila matobolwa sikuwa nimewahi kuyaona kabla ya kuhamia huku. Mama mwenye nyumba wangu, Msukuma wa Kwimba, ndiye aliyenionjesha, kwenye kisahani, pamoja na chai ya rangi. Ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani, mara nyingi juu ya miamba. Michembe ni kitu kingine: yenyewe hukatwa na kukaushwa ikiwa mibichi, kwa hiyo lazima uipike kwanza. Tobolwa unalitia mdomoni likiwa gumu, unalimumunya, linalainika polepole na utamu unatoka humo humo, sukari haijawekwa hata punje. Watoto wa pale nyumbani wanatembea nayo mfukoni kama pipi. Kwetu viazi tunachemsha tunakula na chai, vikibaki siku mbili tatu vimeharibika. Huku vinamsubiri mtu hadi mvua zije! Niliyapenda kupita kiasi.

Sasa akiba ya mama ikaisha. Nikaenda sokoni mwenyewe, huku chini karibu na ziwa. Nikamkuta mama mmoja kayapanga kwenye sado, vile vindoo vya kupimia, masafi kwa macho. Nikamwamkia shikamoo, nikaomba kuonja kipande kimoja tu. Akakataa, eti wanaoonja hawanunui. Nikalipa, akanifungia kwenye mfuko, nikaondoka.

Kufungua nyumbani, dagaa! Harufu imeingia hadi ndani ya nyama ya kiazi. Yalikuwa yamelazwa kando ya magunia ya dagaa, na kitu kikavu hunyonya harufu, hakuna mfanyabiashara wa soko lile asiyelijua hilo. Nikatafuna kipande hivyo hivyo. Utamu ulitangulia, kisha dagaa, kisha mchanga kwenye meno.

Nikarudi kwake. "Mama, haya yananuka dagaa." Hakuyanusa, hata mfuko hakuutazama. "Dada, hii ni Mwanza, kila kitu kinanuka samaki. Kama hutaki, rudi kwenu Kenya." Wenzake wakaangua kicheko.

Nimezaliwa kando ya ziwa hili. Dagaa wameanikwa uani kwetu tangu utotoni, harufu yake hainitishi, na ndiyo maana najua pale haikuwa na kazi. Angesema tu "pole, nikubadilishie", ningeyasahau siku ile ile. Lakini kumfukuza mteja arudi kwao kwa sababu kadai alichokilipia? Na mbele za watu?

Kwa hiyo nilikuwa nimeshaamua kuwaambia: matobolwa ya sokoni msinunue kabisa. Nikiandika hivyo, hata hivyo, nitawaonea akina mama wa vijijini walioyachemsha, wakayamenya yakiwa ya moto, wakayageuza juani na kuyakimbilia kila wingu likitanda. Wao walimaliza kazi yao vizuri. Iliharibiwa mjini, na mtu aliyeona uvivu kusogeza gunia.

Mama mwenye nyumba aliponusa mfuko wangu alisema "pole mayu", yaani pole mama kwa Kisukuma, akawamwagia kuku. Kisha akapiga simu Kwimba, na baada ya siku chache kiroba kikaja na basi. Hayo ndiyo ninayotafuna sasa hivi na karanga za kukaanga, na pipi za dukani sizitamani tena.

Basi nunueni. Muuzaji akikukatalia kuonja, ondoka. Hapana, hata akikubali, nusa gunia kwanza na uangalie limepakana na nini. Labda soko lile lina wauzaji wazuri kumi kwa huyo mmoja, sibishi. Ila mimi pale kwake sirudi, hata akiuza asali, na hela yangu hajanirudishia mpaka leo.