Uzoefu wangu: Usambara kwa miguu, Magamba mpaka Mtae, hela inalipa au hailipi

Nianze na jibu kabisa maana najua wengi mnataka hilo tu: inalipa, tena sana, kama una miguu ya kutembea kutwa nzima na hulazimishi kulala hotelini. Ila kama unachofuata ni kusimama kileleni upige picha mawingu yakiwa chini yako, Shagayu, kilele tulichopanda siku ya pili, sio mlima huo, na ntaeleza.

Sisi wa Dar mazoezi yetu yanaishia Pugu na Kazimzumbwi kule Kisarawe, sanasana kutembea ufukwe wa Coco jioni, kwahiyo nilikuwa natafuta mlima wa kweli usionidai hela ya Kilimanjaro. Kilimanjaro ni mita 5,895 na gharama zake mnazijua. Usambara ya Magharibi, kule Lushoto mkoani Tanga, vilele vikubwa viko kwenye mita 2,200 hivi, hayo mambo ya kuumwa kichwa kwa ajili ya hewa nyembamba hayapo, lakini msidharau jamani, maana njia inapanda inashuka bondeni inapanda tena, mapaja ndio yanajua.

Nilienda na mdogo wangu wa kike mwezi wa saba. Kampuni za Dar nilizoziuliza bei zao zilikuwa zaidi ya mara mbili ya niliyolipa mwishowe, na mmoja wao nilipombana akakubali kwamba mwisho wa siku anawapigia vijana wa Lushoto wafanye kazi, sasa kwanini nisiwapigie mwenyewe? Nikachukua kifurushi cha siku tatu kwa kikundi cha waongozaji pale pale Lushoto mjini, laki tatu kwa kichwa, mwongozaji, kulala na chakula humo humo. Advansi kidogo kwa simu, nyingine ukifika.

Usafiri ni basi la asubuhi kutoka stendi ya Magufuli pale Mbezi Luis, yapo yanayoenda Lushoto moja kwa moja. Segera, Korogwe, alafu Mombo unaiacha barabara ya Moshi unaanza kupanda kupitia Soni, kilometa thelathini na kitu za kona tupu, jabali huku korongo kule, kaeni upande wa dirisha. Mombo joto ni lile lile la kwetu, ukifika Lushoto watu wamevaa makoti na kofia za sufu. Mwezi wa saba baridi ya kule ni ya kweli, bebeni sweta nzito sio kile kijaketi cha kwenye ofisi yenye AC.

Sasa lalamiko langu la kwanza. Magamba ni hifadhi ya mazingira asilia iko chini ya TFS, wale wakala wa misitu wa serikali, kuingia kuna kibali na unalipia kwa kontro namba, jambo zuri tu na risiti unapata. Kikundi walituambia kwenye simu kila kitu kimo kwenye bei, tumefika getini asubuhi na mabegi mgongoni ndio tunaambiwa kibali ni juu yenu. Hela haikuwa nyingi kwa sisi raia, ila mtu aliyepanga bajeti yake kwa shida anaumia, na kusema kabla hakuwapunguzii kitu. Kwahiyo ulizeni mapema, na majibu yawe kwa meseji.

Baada ya hapo sina neno baya kuhusu msitu. Yaani ukitoka kwenye mikaratusi na misindano iliyopandwa ukaingia msitu wenyewe, mwanga unabadilika unakuwa kijani, kumwagika maji kunasikika kila upande na miti imevaa ukungu na majani mengine juu ya matawi yake. Mwongozaji wetu akasimama kwenye mti mmoja mnene ambao watu watatu hatukuweza kuuzungusha mikono, akaokota kipande cha gome kilichodondoka chini, akakivunja akanipa ninuse. Karafumaiti! Harufu yenyewe kabisa, kali inapanda mpaka kwenye macho. Ndio mkulo huo, na kwa wanasayansi jina lake limebeba Usambara, Ocotea usambarensis, mbao zake zilitafutwa sana tangu enzi za Mjerumani ndio maana ile mikubwa imebaki ndani ndani. Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona, sauti kama pikipiki inayokataa kuwaka, alafu mmoja akaruka na ule mkia mweupe ukabaki nyuma yake hewani.

Tulilala Rangwi kwa masista. Pasafi, maji ya moto kwenye ndoo, chakula cha nguvu na mboga zimetoka bustanini kwao. Usiku mwongozaji akatutoa na tochi kutafuta kinyonga kwenye vichaka vya pembeni ya njia, mimi nilikuwa na ile hofu ya utotoni tuliyofundishwa wengi kuhusu kinyonga, ila nikaenda. Wakilala rangi yao inapauka ukiwapiga mwanga wanaonekana kama jani jeupe kwenye ncha ya kijiti. Tukampata dume mwenye pembe mbili fupi mbele ya pua, amekunja mkia kama springi ya saa, miguu imebana kijiti, na ubavu wake unapanda na kushuka taratibu kwa pumzi. Mwongozaji hakumshika wala hakuturuhusu, akazima tochi haraka. Nilimheshimu kwa hilo, nimeona video za wengine wanavyowavuta vuta kwa ajili ya picha.

Kesho yake ndio Shagayu. Hapa ndio nataka nieleweke. Njia ni nzuri lakini ni ndefu, tuliambiwa ni masaa manne tukatembea kutwa, udongo mwekundu umelowa unateleza kama sabuni, na ukifika juu umezungukwa na miti na siku hiyo mawingu yalikuwa yamefunga kila kitu. Hakuna kuona mbali. Mdogo wangu alinyong'onyea kabisa. Mwongozaji akatuacha tupumzike alafu akatuambia tukae kimya tusikilize, majani yote yalikuwa yanadondosha maji na mvua hainyeshi. Akatuelezea kwamba upepo unatoka Bahari ya Hindi, hii milima ni kati ya kuta za kwanza unazokutana nazo, ukungu unashikwa na miti unakuwa matone, matone yanakuwa mto. Mto Umba unaanzia kwenye msitu huu wa Shagayu, unashuka mpaka Mkinga kisha unaingia Kenya na kumwaga maji baharini upande wa kule karibu na Vanga. Watu wa nchi mbili wanakunywa kutoka kwenye yale majani yaliyokuwa yananilowesha shingo. Kwangu mimi hicho ndio kilele nilichopanda, na kwa ramani ya simu peke yangu ningerudi nimekasirika tu.

Na hii ndio sababu nasema lipieni mtu wa kule kule. Vijia vinakatiza katikati ya mashamba ya watu, hoho, kabichi, karoti, viazi, ndio hizi hizi tunazonunua Ilala na Kariakoo. Kila tulipopita mwongozaji alikuwa anasimama, "shikamoo bibi", "shikamoo baba", anaongea Kishambaa kidogo, anaeleza hawa dada zangu wametoka Dar wanaenda Mtae. Bibi mmoja aliacha jembe akatuangalia viatu, akatuambia wanangu njia ya chini ina utelezi piteni juu kwa mwanangu, na ile njia ya juu ilipita mlangoni kabisa mwa nyumba ya watu. Huwezi kupita hapo mwenyewe bila kuonekana mwizi. Na kwa wanawake wenzangu wanaojiuliza, tulikuwa wawili na mwongozaji mwanaume, hatukusikia neno la ajabu hata mara moja, chumba tulipewa chetu na funguo tulikaa nazo wenyewe. Ila vaeni suruali pana au bebeni kanga ya kujifunga mkipita vijijini, ni adabu tu.

Mtae. Aisee. Kijiji kimekaa juu ya mgongo wa mlima mwembamba, unafika mwisho na ardhi inaishia hapo, chini karibu mita elfu moja ni tambarare ya Mkomazi, ambayo imekuwa hifadhi ya taifa tangu 2008, na ng'ambo yake ni Tsavo ya Kenya. Hakuna ukuta wala uzio unaoonekana, mpaka ni ule mstari ulionyooka waliochora Wajerumani na Waingereza, tembo hawaujui. Vilima vya Taita vilikuwa vya bluu kwa mbali. Jioni mawingu yakafunguka upande wa kaskazini magharibi, mwongozaji akanyoosha fimbo, na Kilimanjaro ikatokea, theluji yake ina rangi ya waridi, kama dakika kumi hivi ikafungwa tena. Sio kila mtu anaiona, msimlaumu mtu msipoiona.

Mengine kwa haraka. Chakula cha njiani kilikuwa dhaifu, chapati mbili na yai na ndizi kwa kutwa nzima ya kupanda haitoshi, bebeni karanga na biskuti zenu. Makoti ya mvua waliyoahidi yalikuwa mawili na moja limechanika kwapani. Buti nilizokodi Dar dukani kwa watu (sitaji duka) soli iliachia siku ya pili, mwongozaji akaifunga kwa mpira wa tyubu ikafika salama, kwahiyo zipinde na kuzivuta soli kabla hujalipa. Raba za kawaida zenye meno zinatosha kama sio masika. Pawabenki muhimu.

Alama zangu: mwongozaji kumi kwa kumi, njia tisa, malazi nane, ofisi yao na maelezo ya bei tano. Kurudi ni basi la alfajiri sana kutoka Mtae mpaka Lushoto, linaondoka giza bado na linajaa, mwambieni mwongozaji awawekee siti usiku wake. Bakshishi mpeni yeye mkononi. Mimi namba yake ninayo, nikirudi nampigia mwenyewe, na nimeshamwambia nataka njia ya Mlalo mwezi wa pili jua likiwa limetulia.