Kompyuta mpakato mpya na Wi-Fi ya nyumbani: uzoefu wangu

Kompyuta mpakato niliyoinunua ni nyepesi, kioo chake kinasomeka vizuri hata penye mwanga mkali, na kuiandaa kwa matumizi hakukunisumbua. Kilichonimalizia jioni nzima ni kuiunganisha na Wi-Fi ya nyumbani.

Jina la mtandao lilionekana mara moja, tena mawimbi yakiwa na nguvu. Niliandika nywila, nikasubiri, nikajibiwa kwamba kompyuta haiwezi kuunganishwa na mtandao huo, basi. Niliirudia polepole nikizingatia herufi kubwa na ndogo, kisha nikaufuta mtandao kwenye kumbukumbu ya kompyuta na kuanza upya, lakini jibu likawa lile lile. Nilipojaribu intaneti ya simu yangu ilikubali bila kusita, ndipo nikajua kwamba kadi yake ya Wi-Fi ni nzima na kikwazo kiko kwenye ruta.

Katika mipangilio ya ruta nilikuta jambo nililolifanya kwa mkono wangu na kulisahau: orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa, kila kimoja kikitambuliwa kwa anwani yake ya MAC, yaani tarakimu na herufi 12 zinazoandikwa mbili mbili. Kifaa kisichokuwamo hukataliwa hata kikiwa na nywila sahihi. Nikainakili anwani iliyochapishwa kwenye kibandiko cha boksi, nikaiingiza na kujaribu tena. Ikakataa! Kumbe wakati wa kuiandaa kompyuta nilikuwa nimewasha kipengele cha faragha kinachoifanya ijitambulishe kwa anwani ya kubuni badala ya ile ya kiwandani, kwa hiyo ruta ilikuwa ikiona mgeni mwingine kabisa. Kilichonifumbua macho ni kumbukumbu za ruta yenyewe: anwani iliyokuwa ikibisha hodi ilikuwa na herufi A katika nafasi ya pili, na anwani za kubuni za namna hiyo huwa na 2, 6, A au E mahali hapo.

Ningeweza kuzima kipengele hicho kwa mtandao wa nyumbani tu na kulala. Niliamua kuiondoa orodha, kwani anwani hizo hupita hewani bila kufichwa, na mwenye programu inayofaa anaweza kuinasa ya kifaa kilichoruhusiwa na kuiiga. Ulinzi nimeuachia nywila ndefu pamoja na WPA3 (mfumo wa usalama wa Wi-Fi), iliyowekwa kwa namna inayopokea pia WPA2, mtangulizi wake wa mwaka 2004, maana printa yangu haielewi kingine.

Tangu hapo kompyuta inajiunga yenyewe kila ninapoifungua, na kwa upande huo sina lalamiko. Ninachoilaumu ni ule ujumbe wake mkavu, usiosema kama kilichokataliwa ni nywila au ni kifaa chenyewe.