Kikundi cha maombi cha jioni, Unguja mjini: chema, ila spika waizime

Kikundi hiki hukutana jioni za Alhamisi katika nyumba ya kupanga upande wa Ng'ambo. Jina lake nalihifadhi, kwa kuwa si yote nitakayoyasema ni ya kusifu. Wanaohudhuria ni Walutheri, Wapentekoste na Waanglikana wachache, wengi wao watu wa bara waliokuja Unguja kwa kazi za hoteli, ualimu na biashara.

Aliyezoea ibada ya Kanisa Kuu la Kianglikana la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, ataona tofauti mara moja. Kule sauti za pamoja zimepangwa tangu zamani: kasisi husema, waumini huitikia, na hata mgeni hapotei maadamu ana kitabu cha sala mkononi. Hapa kitabu hakuna. Kiongozi hutaja jambo la kuombewa, huwaalika watu kuinua sauti, na wote huomba kwa wakati mmoja, kila mtu kwa maneno yake, mpaka kiongozi aanzishe pambio ambalo polepole huwakusanya tena wote katika wimbo mmoja. Wakristo wa Korea huomba hivyo pia, na desturi hiyo, wanayoiita tongsung kido, ilipata nguvu katika uamsho wa Pyongyang wa mwaka 1907.

Msikilizaji wa mara ya kwanza huenda akadhani ni vurugu, lakini akikaa ndani yake ataona faida ambayo sijaikuta katika maombi ya zamu, ambapo watu huketi duara na kila mmoja husubiri kufikiwa. Kwenye zamu, mwenye haya hutumia muda wake wote akitunga sentensi badala ya kuomba pamoja na anayeomba, na mwenye ufasaha hujikuta, pengine bila kukusudia, akiwahubiria wenzake huku amefumba macho. Sauti zinapopaa pamoja hakuna anayemsikiliza mwenzake kwa kumpima. Mama aliyeketi karibu nami, ambaye wakati wa salamu hakupandisha sauti hata kidogo, aliomba kwa machozi na kwa lugha ya kwao, na hapakuwa na aliyegeuka kumtazama, kwa sababu kila mmoja alikuwa na lake la kumwambia Mungu.

Ndiyo maana spika inaniudhi. Chumba ni kidogo, kiongozi ana sauti ya kutosha, na bado hushika kipaza sauti muda wote wa maombi, hata sauti za wengine zikazama chini ya yake na watu wakaanza kumsikiliza badala ya kuomba. Matendo ya Mitume 4:24 husimulia waumini waliompazia Mungu sauti zao kwa moyo mmoja, na zinazotajwa pale ni sauti za wengi. Tena jirani wa ukuta wa pili wana watoto wanaolala mapema. Katika mji ambao walio wengi ni Waislamu, na ambako majirani hawa wametuvumilia kwa uungwana, kuelekeza spika dirishani ni kukosa adabu, hata kama maombi yenyewe ni mema. Kwa upande mwingine nawasifu kwa kumaliza kabla ya adhana ya Isha.

Jambo la mwisho ni mahitaji ya maombi. Kiongozi huyasoma kwa sauti pamoja na jina la aliyeyaandika, yakiwemo ya ndoa na ya maradhi, na Unguja mjini habari haichelewi kufika sokoni. Mgeni anayetaka kwenda namshauri aende, awahi kwa sababu viti ni vichache, akae mbali na spika, na hitaji lake aliandike kwa ufupi bila jina. Likiwa zito, alitaje mwenyewe pale sauti zote zinapopanda.