TAHADHARI: Simu za "GrapheneOS" zinazouzwa Ngamiani

Ndugu zangu wa Tanga, kuna kijana anazungusha simu huku Ngamiani akisema zina GrapheneOS, mfumo wa simu uliojengwa juu ya Android, anaouita "usiodukulika". Mimi ameshanipiga. Aliniuzia Pixel 6a (simu ya Google) iliyotumika kwa 480,000, kisha akanidai 50,000 nyingine ya "leseni ya mwaka". Pale pale ningeshtuka, maana GrapheneOS haina leseni ya kulipia. Ni bure, sawa na LineageOS, mfumo mwingine wa simu uliojengwa juu ya Android. Fundi akikuchaji kazi ya kuiweka, hilo ni jasho lake. Akikuuzia leseni, kimbia.

Kila nilipoiwasha, ilitangulia skrini nyeusi yenye onyo la rangi ya chungwa kwamba butiloda, yaani programu ndogo inayowasha mfumo wa simu, iko wazi. Nikampigia. "Bosi, simu za usalama zote ziko hivyo." Uongo, na hapa naomba mnisikilize vizuri. GrapheneOS ikiwekwa inavyotakiwa, butiloda hufungwa tena mwishoni. Simu ikiwaka inatoa onyo la njano, na chini yake msururu wa herufi na tarakimu. Huo msururu unaulinganisha na ule ulioandikwa kwenye tovuti ya GrapheneOS wenyewe. Ukipishana hata kidogo, mfumo si wao. Chungwa maana yake mlango haujafungwa: simu inawaka bila kukagua kilichomo, na mwenye waya na kompyuta anaweza kupachika anachotaka.

Wiki ya pili, usiku wa manane, 186,000 zikatoka kwenye pesa zangu za simu. Ilikuwa ada ya mwanangu. Siwezi kuapa kuwa ni yeye. Ila mpwa wangu anayesomea kompyuta alipoingia kwenye mipangilio, mwisho wa namba ya toleo akakuta pameandikwa "test-keys". Akanieleza kwamba hizo ni funguo za majaribio zilizo wazi kwa kila mtu, hakuna mtengenezaji makini anayetia sahihi mfumo wake kwa hizo. Tukakuta pia programu isiyoonekana kwenye skrini, imejiita "Huduma ya Mfumo", ina ruhusa ya kusoma meseji zangu zote na kuona ninachobonyeza. Haifutiki. Mfumo wenyewe ulikuwa LineageOS iliyochakachuliwa, ikavalishwa jina la watu. LineageOS halisi haina kosa lolote hapa.

Nasikia anazo na Samsung za namna hiyo. Jamani, mpaka naandika haya GrapheneOS inawekwa kwenye Pixel tu!

Kama unayo, toa laini sasa hivi, na ubadilishe namba ya siri ya pesa za simu ukiwa kwenye simu nyingine. Kurudisha simu katika hali ya kiwandani kupitia mipangilio hakusaidii, maana uchafu uko ndani ya mfumo wenyewe. Sisi tulitumia kompyuta kurudisha mfumo wa Google kutoka kwao Google, kila kitu kikafutika, picha za marehemu mama nilizokuwa nimehamishia humo zikaenda. Ndipo tukaweka GrapheneOS kutoka kwenye tovuti yao, kwa kivinjari na waya wa USB tu. Sasa inawaka njano.

Anayetaka kununua Pixel ili aweke mwenyewe, muuzaji afungue mipangilio ya wasanidi mbele yako muone kama swichi ya "OEM unlocking", ile inayoruhusu butiloda kufunguliwa, inabonyezeka. Kwenye zile zilizouzwa na Verizon, kampuni ya simu ya Marekani, swichi hiyo huwa imekufa, na hiyo simu hutaiwekea kitu. Bonyeza pia *#06#, tuma IMEI (namba ya utambulisho wa simu itakayotokea) kwenda 15090, uone kama jina linalorudi ni la simu uliyoishika.

Namba ya kijana haipatikani tangu Jumatatu. Polisi nimeshafika na RB ninayo. Aliyeuziwa na yeye aniandikie, twende pamoja tukaongeze maelezo kwenye jalada.