Darasa la jioni la Kiingereza Kaloleni: waongoza watalii wa Arusha, hili linalipa

Hii ni kwa madereva na waongoza watalii wenzangu, hasa wale ambao kila masika, magari yakishapaki, huulizana waende wapi kunoa Kiingereza. Darasa lenyewe liko Kaloleni, ghorofani, juu ya mafundi cherehani. Halina bango. Mwalimu ni mama mstaafu wa sekondari. Anafundisha Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, na ada ni shilingi 50,000 kwa mwezi. Nimejilipia mwenyewe na masika ijayo nitalipa tena.

Kozi niliyosoma mwanzo, sehemu nyingine hapa mjini, ilikuwa ya orodha: leo majina ya ndege, kesho ya miti. Unakariri, mtihani unafaulu, halafu uko Serengeti na wageni nyuma yako neno linakukwama kooni, maana hujui litanguliwe na nini wala lifuatwe na nini. Huyu mama anafanya kazi kwa namna nyingine kabisa. Anachagua nomino moja ngumu, ya zile ambazo hata Mwingereza anaweza kumaliza mwezi hajaitamka, mnakaa nayo jioni nzima mpaka kila mmoja aitungie sentensi ambayo kweli angeisema garini.

Niwape mfano wa jioni ya neno "midden". Sote tumeshawaonyesha wageni yale malundo ya mavi ya digidigi kando ya njia. Wengi wetu tunasema "toilet", wageni wanacheka, gari linaondoka, na jambo zuri kuhusu mnyama yule limepotea. Digidigi huishi dume na jike wawili, na hurudi palepale kujisaidia ili kuweka mpaka wa eneo lao. Lundo hilo ndilo midden, na vifaru nao wanayo ya kwao. Mwalimu alianza kwa kuuliza kama linahesabika. Linahesabika: "a midden", "two middens". Kisha akauliza linapenda kukaa na maneno gani. Tukapata "a dik-dik midden", "a rhino midden", na vitenzi vyake: mnyama "uses" midden, "comes back to" midden. Mzee mmoja, dereva wa siku nyingi, akasimama na kusema, "The dik-dik is making midden." Mwalimu akamwambia kwa upole, "Mzee wangu, ile 'a' umeiacha njiani, rudi ukaichukue. Na hapo mwambie mgeni anaitumia, maana lundo lilikuwepo tangu zamani." Mzee akarudia: "The dik-dik is using a midden. He comes back to it to mark his territory." Darasa zima likapiga makofi, na yalikuwa ya haki.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba hakuishia hapo. Alitufundisha pia pale ambapo neno halifai. Tembo akidondosha kinyesi katikati ya barabara, hiyo si midden, ni "dung" tu, na dung haihesabiki. Ukitaka kuihesabu, sema "a pile of dung". Akatuonya vilevile kwamba kwa Waingereza wengi midden ni jalala la kale, lile ambalo wanaakiolojia huchimba mifupa na makombe ya baharini, kwa hiyo mara ya kwanza ni vizuri useme "a dung midden", mgeni asipotee. Maelezo ya namna hii sijawahi kuyapata kwingine Arusha.

Jioni nyingine ilikuwa ya "kopje". Gol, Moru, Simba: majabali hayo ya matale ya Serengeti tunayapita kila safari. Ila neno tunalitamka kama lilivyoandikwa, tunalibana ile j, na mgeni anabaki anatutazama. Limetoka Kiafrikana, Waingereza wakalichukua na tahajia yake ya zamani ya Kiholanzi, na linatamkwa "kopi". Simba jike yuko "on that kopje". Pimbi aliyejificha kwenye nyufa ndiye yuko "in the cracks". Tofauti ya "on" na "in" ilichukua nusu ya kipindi, na sikuona hata dakika iliyopotea.

Kuna suala ambalo vijana wengi wanalipenda, yale majina ya makundi: "a tower of giraffes", "a dazzle of zebras". Mwalimu anayajua, lakini anashikilia kwamba ni maneno ya kumchangamsha mgeni mara moja tu, baada ya hapo urudi kwenye "herd". Ya kutumia kila saa ni "a pride of lions", "a pack of wild dogs", "a troop of baboons". Naungana naye kwa moyo wote. Mwongozaji anayesema "dazzle" kila akiona punda milia anachosha.

Kuhusu Ngorongoro alikuwa mfupi: jina la mahali ni Crater, liache hivyo. Ukieleza jinsi volkano ilivyoporomoka ikaacha shimo la kilomita za mraba kama 260, hapo useme "a caldera".

Kamusi wanayotumia ni ile ya Oxford ya wanaojifunza, aliyoianzisha A. S. Hornby. Huyu alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani, na toleo la kwanza lilichapwa Tokyo mwaka 1942 kabla ya Oxford kulitoa mwaka 1948. Ndiyo maana inakuonyesha kama nomino inahesabika, jambo ambalo mzaliwa wa Uingereza hana haja ya kuambiwa, sisi tuna haja nalo sana. Tatizo ni kwamba nakala ni chache, mnachangia watu watatu kitabu kimoja.

Kasoro nyingine zipo. Hakuna sauti za kurekodi, na kwa maneno kama kopje hilo ni pengo kubwa kwa anayetaka kurudia nyumbani. Fotokopi zimefifia. Karakana ya jirani ikianza kuchomelea, waliokaa nyuma hawasikii kitu, kwa hiyo wahi ukae mbele. Na kama bado wakati uliopita unakusumbua, anzia kwingine kwanza, maana hapa hakuna wa kukusubiri.

Darasa linaisha saa moja na nusu. Hiace za Sakina bado zipo muda huo, wa Usa River pangeni kuondoka pamoja. Ukipata safari, mwambie Mwalimu kabla hujaondoka. Vipindi utakavyokosa anakuhamishia mwezi unaofuata bila kudai nyongeza.