Miezi minne na Audiobookshelf: uzoefu wangu

Vitabu vyangu vya sauti vilikuwa vimetapakaa: vingine kwenye flashi, vingine kwenye laptopu ya zamani isiyokaa na chaji. Kila nikibadilisha simu, sijui nilikuwa nimefika wapi. Mwishowe nikakodi seva ndogo mtandaoni, RAM GB 2 na diski GB 40, nikaweka Audiobookshelf, programu ya seva ya kutunza na kusikilizia vitabu vya sauti. Niliiweka kwa Docker, inayoendesha programu ndani ya kontena, yaani kisanduku chake kilichojitenga.

Kuiweka yenyewe ni jioni moja tu. Kontena moja, poti (mlango wa mtandao) 13378, mbele yake Caddy, programu ya seva ya wavuti ambayo hujitafutia cheti cha HTTPS, cha kulinda mawasiliano, bila kukusumbua. Programu ni ya bure.

Kasheshe iko kwenye folda. Inataka folda ya mwandishi, ndani yake folda ya kitabu, ndani yake faili. Mimi nilimwaga mp3 za LibriVox, tovuti ya vitabu vya sauti vya bure, zote mahali pamoja, nikafungua simu nikakuta kila sura imejifanya kitabu kinachojitegemea. Usiku kucha napanga folda.

Kosa lililoniuma zaidi ni langu pia. Folda ya config, inayotunza akaunti na mipangilio, sikuitoa nje ya kontena. Siku ya kusasisha nikafuta kontena la zamani, nalo likaondoka na akaunti zote na kumbukumbu ya kila kitabu nilipokuwa nimefikia. Sauti zilipona kwa sababu hizo nilikuwa nimezitoa. Sasa config na metadata (picha za jalada na taarifa za vitabu) zote ziko nje, na kila Jumapili nazinakili kwenye diski ya nyumbani.

Kwa bando, usiogope. Sauti ya kbps 64 (kilobiti 64 kwa sekunde) hula kama MB 29 kwa saa, na hata hizo si lazima: napakua kitabu kwa Wi-Fi ya ofisini, nasikiliza kwenye daladala data ikiwa imezimwa. Nikirudi hewani, app ya Audiobookshelf kwenye simu inaiambia seva nilipoishia. Kaka yangu wa iPhone anasikilizia kwenye kivinjari, halalamiki.

Mama nimemfungulia akaunti yake, tusichanganyiane mahali tulipofikia. Huweka simu juu ya kabati, akasikiliza huku anachambua mchele. Juzi alishika simu yangu kimakosa, ambayo mimi naiweka kwenye kasi ya 1.3. Alisikiliza kidogo, akaniuliza, "Huyu anayesoma anakimbizwa na nani?"