Uzoefu wangu na manukato ya J'adore, na yule binti aliyeniambia za kupima ziko Kariakoo

Nianze na yule binti, maana bila yeye ningekuwa nimeshaandika haya zamani, na kwa maneno machache.

Ilikuwa siku chache kabla ya harusi ya mdogo wangu. Nilikuwa nimetoka kupokea mchezo, ule wa kuchangiana kwa zamu, pesa iko mkobani, imehesabiwa. J'adore ya Dior nilikuwa na hamu nayo kwa miaka. Bosi wangu wa zamani alikuwa akijipulizia, na akishapita kwenye korido unajua amepita hata kama hukumwona. Nikajiahidi kwamba zamu yangu ikifika nitanunua chupa nzima, orijino, si ya kupima, yale manukato ya kumiminiwa kidogo kidogo. Na hizo za kupima sina ubaya nazo kabisa. Nimezitumia miaka mingi, na wanaoziuza hukupulizia mkononi, wakakupulizia na kwenye mtandio, wakakuita dada hata kama siku hiyo huna shilingi.

Basi nikaingia duka moja la manukato hapa Dar, la ndani ya majengo yenye vioo na viyoyozi. Nimeshuka kwenye daladala, jua la saa nane, dera limeshika mgongo kwa jasho, kanga begani. Binti wa kaunta akaanza kunitazama kwenye viatu. Nikamsalimia, akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia nataka kujaribu J'adore. Akachukua kikaratasi, akapuliza mara moja, akakipunga hewani, akanipa kwa ncha za vidole viwili. Nikamwambia, "Mdogo wangu, nipulizie mkononi tu, karatasi hainiambii kitu." Nikanyoosha mkono. Akaichukua testa, ile chupa ya kujaribia, akaiweka nyuma yake, akasema, "Mama, za kupima ziko Kariakoo."

Mkono wangu ulikuwa bado umenyooshwa. Kulikuwa na wateja wengine wawili, mmoja akageuka akaangalia pembeni. Mlinzi wa mlangoni alisikia. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo: mlinzi yule ni mtu mzima, umri wa baba yangu mdogo, na aliona haya kwa niaba yangu.

Ningeondoka. Kila niliyemsimulia ananiambia ningeondoka. Sikuondoka. Nilifungua mkoba nikahesabu laki tatu na kitu juu ya kaunta, noti moja moja, nikamwambia afunge. Nilinunua kwa hasira, bila kuionja kwenye ngozi yangu. Sijui hata sasa kama nilimkomesha yeye au nilijikomesha mwenyewe.

Nyumbani nikajipulizia shingoni na kwenye viganja. Nikasikia matunda. Pea, tikiti, pichesi, tamu tupu, kama juisi iliyozidi sukari ikaachwa juani. Nikanawa. Nikajaribu tena usiku, yale yale, nikanawa tena. Siku ya harusi nilijifukiza udi wangu wa siku zote, chupa nikaitia kabatini chini ya kanga, na nikamwambia kila aliyeniuliza kuwa J'adore ni jina tu, pesa imepotea. Kama ningeandika wiki ile ningewaambia msinunue, na ningeapa.

Nikaja kuelewa baadaye, tena kwa kuhangaika mwenyewe, kwamba manukato ya namna hii, ya matunda na maua, hufunguka kwa zamu. Pea halitoi mafuta ya kukenekwa kama waridi au karafuu. Harufu yake hutengenezwa maabara, nayo ni nyepesi, ndiyo ya kwanza kuruka. Robo saa hivi inatamba, kisha inaondoka, na hapo ndipo maua yanapoanza kusikika, yakichochewa na joto la ngozi. Karatasi haina joto. Mimi nilikuwa nikinawa kabla maua hayajafika. Yule binti ilikuwa kazi yake kunieleza hilo kwa sentensi mbili: jipulizie mkononi, zunguka nusu saa, rudi. Ameajiriwa kwa hilo.

Chupa ikakaa kabatini miezi. Niliitoa siku ya safari ya kwenda Pemba, na sababu ilikuwa ndogo tu, udi uliisha. Nikajipulizia alfajiri kabla ya boti nikaisahau. Nimefika Chake Chake kwa mamdogo jua limeshashika, mzigo begani, nimechoka. Amekaa barazani anachambua mchicha. Nikainama nimshike mkono nimwamkie. Hakuniachia. Akaupandisha mkono wangu mpaka puani, akafumba macho, akakaa hivyo kidogo. Kisha akaniuliza, "Umepita kwa nani penye mlangilangi?"

Sikupita kwa mtu. Nikanusa mkono wangu mwenyewe, na yale matunda hayapo. Ni langilangi. Langilangi ile ya bibi, aliyokuwa akiyaroweka maua yake ya njano kwenye mafuta ya nazi kwa ajili ya nywele, na nyuma yake asumini, ile ya kikuba, kishada cha maua tunachovaa jioni, inapoanza kunyauka na kuzidi kunukia. Nililia pale barazani, mamdogo akadhani nimeleta habari ya msiba.

Niliporudi Dar nikaanza kusoma kuhusu hii chupa. Ilitoka mwaka 1999, aliyeitunga ni mwanamke, Calice Becker. Dior wenyewe wanasema langilangi yao inatoka visiwa vya Komoro, kwa jirani zetu hapa, ambako maua huchumwa asubuhi na mapema na kukenekwa kwa mvuke kwa saa nyingi. Kati ya asumini zao mbili, moja ni sambac, yaani hii hii tunayotunga kwenye vikuba. Na ile shingo ndefu ya chupa, yenye duara za dhahabu zilizopandana? Imefuata mikufu ya wanawake wa Kimaasai. Hata maonyesho ya mavazi ya Dior ya mwaka 1997, ya kwanza ya mbunifu John Galliano kwenye nyumba ile ya mitindo, yalijaa shanga za shingoni za Kimaasai.

Hasira ikanirudia upya, kubwa kuliko ya siku ile. Ua ni letu. Asumini nimezaliwa nayo masikioni. Shingo ya chupa ni ya mama zetu. Halafu nasimama mbele yake Dar es Salaam, na pesa yangu, naambiwa na binti aliyezaliwa hapa hapa kwamba hii si yangu, yangu iko Kariakoo! Ananiona jasho na kanga, haoni kuwa kati yetu wawili mimi ndiye ningeweza kumweleza kilichomo ndani ya ile chupa.

Sasa niseme inavyokaa, kwa mnaotaka kujua. Ukishapaka mafuta ngozini, inashika vizuri. Ngozi kavu inaimeza. Usisugue viganja, iache ikauke yenyewe. Kwangu ya asubuhi huwa naisikia mpaka alasiri, na kwenye mtandio hata kesho yake. Ofisini penye kiyoyozi inatulia sana, karibu na mwili, mpaka mtu akukumbatie. Kwenye joto inapanda. Ile robo saa ya kwanza bado siipendi, na siwezi kujifanya naipenda. Ukipanda daladala iliyojaa umejipulizia dakika ile ile unawaonea watu. Mimi hujipulizia kwanza kabla hata ya kuvaa, kanga ikiwa kiunoni, nikimaliza chai matunda yameshaondoka. Na bei ni kubwa. Ni pesa ya mtu kulipia mtoto vitu vya shule, sitamwambia mtu yeyote kuwa lazima awe nayo.

Nilianza kuandika haya nikiwa na nia ya kuwaambia mnunue, ila si kwenye duka kama lile. Nilishaapa sirudi pale. Siwezi kulitaja, na hata yule binti sijui kama bado yupo. Pengine siku ile alikuwa na lake limemfika, pengine na yeye kuna mtu humtazama kuanzia viatuni kila asubuhi. Hilo nimeliwaza, na bado halinipoi.

Lakini juzi mdogo wangu, yule aliyeolewa, amekuja kwangu amefungua kabati, amejipulizia bila kuniomba, na baada ya kama saa moja akaja jikoni ameshika mkono wake puani, haongei. Anapokea mchezo mwisho wa mwezi. Nimemwambia twende wote, duka lile lile. Atanyoosha mkono kwanza, apuliziwe, tuzunguke nusu saa. Asipopuliziwa tunaondoka na pesa yetu.